Mchumba Aliyejibu Kabla Hajaulizwa

Vijana wangu, ninyi mnaoandika neno moja tu kwenye ukurasa na video ikacheza yenyewe, nawasalimu. Shikamoo zenu nimezipokea hata kama mmezituma kwa kidole gumba. Mimi nimestaafu, nalima plamu na kabichi huku juu Lushoto, na mgongo wangu umepinda kwa kukaa mbele ya kompyuta, si kwa jembe kama majirani wanavyodhani. Mmeniomba niwaeleze kazi ilikuwaje enzi zetu. Zilikuwa enzi za taabu tupu, na mzee yeyote anayewaambia alizifurahia, mchunguzeni vizuri, huenda hakuwepo.

Kivinjari cha wakati ule kilijua kuonyesha maandishi na picha, basi. Sauti na video vilikuwa kazi ya programu nyingine ndogo unayoipachika ndani yake, tuliyoiita plagini. Plagini ilikaa ndani ya ukurasa kama mpangaji mwenye kiburi: ana mlango wake, ana saa zake za kuamka, na mwenye nyumba hamhusu. Sisi mafundi tulitaka skripti, yale maagizo tunayoandika nyuma ya ukurasa, iiambie plagini "cheza", "simama", "ruka mpaka pale". Plagini ilitii ilipojisikia.

Halafu vivinjari vyenyewe vilikuwa viwili na havikuelewana hata kidogo. Kimoja kilitaka plagini itambulishwe kwa lebo hii, yaani alama ya kificho ndani ya ukurasa, kingine kwa lebo ile. Ukiandika moja, nusu ya dunia haisikii kitu. Kwa hiyo tuliandika zote mbili, moja ndani ya tumbo la nyingine, na kila sharti tukalirudia mara mbili. Siku hizi mkiandika kitu mara mbili mnasema mnaumwa kichwa.

Nilijifunzia kazi hiyo kwenye kituo cha mtandao pale Lushoto mjini, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwalimu wangu alikuwa Fundi Athumani, aliyekuwa anatengeneza redio sokoni kabla kompyuta hazijampandisha ghorofani. Alikuwa na tabia ya kuigonga mashine ubavuni kwanza, kisha ndiyo ausome ujumbe wa kosa. Mara nyingi kugonga hakukusaidia kitu, lakini alisema kunaitoa hasira kwa fundi, na hilo nimelithibitisha. Sheria yake moja tu ndiyo ninayoikumbuka kila siku: "Rehema, usiamrishe kitu ambacho hakijaitika." Yaani skripti isikurupuke na "cheza" wakati plagini bado inapakia. Iulize kwanza, uko tayari? Isipoitika, subiri kidogo, uulize tena. Ikiitika ndipo uagize. Ni heshima ya kawaida, lakini kompyuta hazikulelewa, ilibidi tuziandikie.

Sikuizingatia mara moja, msinione hivi. Mwenye nyumba ya wageni mmoja alitaka mtalii akipitisha kishale cha kipanya juu ya picha ya ndege, ndege aimbe. Nikamwandikia. Mtalii akapitisha kishale, kimya. Akapitisha tena, kimya. Akazungusha kishale ukurasa mzima kwa hasira, kisha plagini ikazinduka, na ndege wote wa Usambara wakaimba kwa pamoja bila kunyamaza, mpaka wakazima mashine kwa kuchomoa waya ukutani. Mteja alinipigia simu akauliza kama ndege wale wana kichaa. Nikamwambia ni msimu wa kutaga.

Sasa niwaeleze ya posa, maana najua ndiyo mliyoifuata hasa.

Kule Mlalo, kijiji cha huku huku milimani, kulikuwa na binti anaitwa Tumaini, familia ya Kilutheri, wakulima. Baba yake alifariki binti akiwa mdogo, yeye na mama yake wakatunzwa na kaka wa baba yake, yaani baba yake mkubwa, mzee mrefu mwenye kofia ya kaki asiyoivua ila kanisani. Tumaini alikuwa Ujerumani akisomea uuguzi. Kabla hajaondoka alikuwa amependana na kijana mwalimu, Joeli, mtu wa Muheza, Mbondei. Familia ya Joeli ikaleta barua ya posa, ikapokelewa, siku ikapangwa. Hapo ndipo baba mkubwa alipokaza shingo.

"Kwetu binti huulizwa mbele ya wageni, na hujibu kwa mdomo wake," alisema. "Barua si mdomo. Nisiposikia sauti yake mwenyewe, posa irudi ilikotoka."

Wenye kujua walisema mzee hakuwa na shida na barua, alikuwa na shida na Muheza. Ni mbali, ni joto, na mtoto akishaolewa huko chini hapandi tena mlima ila kwa msiba. Lakini mila ilikuwa upande wake, hakuna aliyeweza kumbishia. Na upande wa Joeli walikuwa wameshasema wazi kwamba wakirudishwa mara hii, hawapandi tena. Tumaini alikuwa na miaka miwili mbele yake huko Ulaya. Aliniandikia barua pepe, kwa kuwa yeye na mdogo wangu walisoma pamoja shule ya msingi, akisema maneno haya ambayo sijayasahau: "Dada Rehema, nisaidie. Simtaki mwingine, na siwezi kumvunjia heshima baba mkubwa."

Mtauliza, kwa nini wasipige simu? Simu ya mkononi Mlalo wakati huo ulipanda jabali kutafuta mtandao, na ukiupata, sauti inakatika kila neno la pili. Hebu fikirieni binti anasema "Mimi si" halafu kimya, halafu "taki kumkosa". Posa ingeishia juu ya jabali. Hata simu ya mezani isingefaa, saa ya posa Tumaini angekuwa zamu wodini. Kaseti kwa posta nayo isingewahi.

Meneja wetu, Bwana Shedraki, alipolisikia jambo hili aliona biashara. Tayari alikuwa ameshalipatia jina, Posa Mtandaoni, na alitaka tangazo libandikwe mlangoni. Tukaelewana hivi: Tumaini arekodi majibu matatu kwenye maabara ya chuo chao, yote kwenye faili moja itakayokaa kwenye kompyuta ya chuo huko huko Ujerumani. Mimi nitengeneze ukurasa wenye picha yake na vitufe vitatu. Shangazi yake Tumaini anauliza, mimi nabofya, skripti inaiagiza plagini iruke mpaka penye jibu hilo, icheze, isimame. Jibu la kwanza, ndiyo, nawafahamu wageni hawa. La pili, ndiyo, nimeridhia kuolewa na Joeli. La tatu, ndiyo, pokeeni mzigo wao, yaani zawadi za posa walizoleta.

Nilijaribu kituoni wiki nzima. Ilifanya kazi safi. Nabofya, anajibu. Nabofya, anajibu. Fundi Athumani mwenyewe alisimama nyuma yangu mikono kiunoni akasema, "Hata haijagongwa!" Tukapeana mikono. Sasa andikeni mahali hili: kitu kikifanya kazi safi kwenye mashine yako, anza kuogopa. Ile mashine ilikuwa imeshaipakua faili mara mia na kuihifadhi tumboni mwake. Haikuwa inaitoa Ujerumani hata kidogo, ilikuwa inaitoa mfukoni.

Posa haikuweza kufanyika Mlalo kwa kuwa hakukuwa na laini ya simu, na hakuna mzee aliyekubali kuozesha mtoto juu ya duka la misumari. Ikaamuliwa iwe nyumbani kwa mjomba wa Tumaini, hapa Lushoto mjini, aliyekuwa na simu ya mezani. Bwana Shedraki hakutaka kunipa mashine nzuri, wateja wangekosa. Akanipa ya akiba, yenye kivinjari kile kingine na tumbo tupu. Nikaipakia kwenye pikapu, nikaishika njia nzima kama mgonjwa. Fundi Athumani alibaki kituoni. Nilimwambia nikikwama nitampigia simu, na wote wawili tukasahau kwamba simu yenyewe ndiyo ingekuwa imebeba mtandao.

Sebule ilijaa. Wageni wa Muheza walikuja na machungwa na kapu la iliki, wamevaa makoti ya kuazima, meno yanagongana. Wenyeji wakawaonea huruma kwa sauti kubwa, kila mmoja kwa zamu, "Poleni na baridi," jambo ambalo lilimfurahisha baba mkubwa kuliko chai. Mimi niliweka kompyuta juu ya meza ya kona, chini ya kitambaa cha kufuma, nikaunganisha modemu kwenye waya wa simu, nikaufungua ukurasa mapema. Picha ya Tumaini ikashuka polepole, kwanza paji la uso, kisha macho. Mabibi waliokaa karibu wakasubiri mdomo ufike ndipo wapumue.

Sala ikasaliwa. Salamu zikaenda na kurudi, za Kiswahili, za Kishambaa, na za Kibondei, mpaka hakuna ng'ombe wala mtoto ambaye hakuulizwa hali yake. Mshenga wa wageni akasimama, akakohoa, akasema, "Wazee wetu, sisi ni wapita njia tu. Tumeona ua zuri kwenye boma hili, tukasema..."

"Ndiyo, nawafahamu," Tumaini akasema.

Jamani! Mshenga alibaki mdomo wazi. Ile lebo ya pili, ya kivinjari kile kingine, sikuwa nimeiwekea sharti la kutojianzisha yenyewe. Plagini ilikuwa imemaliza kuvuta ilichovuta, ikajiona iko tayari, ikaongea. Nilizima spika, nikaanza kukohoa mimi, jambo ambalo halikumdanganya mtu.

"Mchumba anajibu hata kabla wageni hawajakaa," baba mkubwa akasema taratibu. "Huko Ulaya wamemfundisha haraka."

Shangazi yake Tumaini, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke wa kuokoa shughuli. Akasema kwa sauti ya uchangamfu, "Hayo ni majaribio ya mitambo, hata kanisani fundi husema moja mbili." Watu wakacheka kidogo. Mshenga akaanza upya na ua lake, akalimaliza. Kisha shangazi akaigeukia ile picha, akakaa vizuri kama anayeongea na mtu, akauliza, "Mwanangu Tumaini, hawa wageni unawafahamu?"

Nikawasha spika, nikabofya. Kimya.

Kimya kilikuwa kirefu, vijana. Plagini ilikuwa imerudi Ujerumani kuchukua sauti ile ile iliyoitumia dakika chache nyuma. Jasho jembamba lilinitoka Lushoto, mwezi wa baridi. Nilitamani kubofya tena, nikakumbuka ndege, nikajishika mkono. Nikasubiri tu huku nikijua posa ya watu imekufa mikononi mwangu.

Kumbe mabibi walikuwa wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, na alipokuwa ananong'ona nchi nzima ilisikia: "Umeona? Hajibu upesi. Huyu amelelewa." Kwa ukoo ule, binti mwenye adabu akiulizwa mara ya kwanza huinamisha uso na kunyamaza. Anayejibu papo hapo anaonekana alikuwa anasubiri mlangoni. Shangazi akauliza mara ya pili, na ndipo sauti ikaja, ndogo, ya aibu kwa sababu ya spika mbovu: "Ndiyo, nawafahamu."

Vigelegele! Swali la pili likaenda vivyo hivyo. Akaulizwa, akanyamaza. Akaulizwa tena, akasema ameridhia kuolewa na Joeli. Joeli akaangalia viatu vyake. Wageni wa Muheza wakasahau baridi. Kama kuna siku niliyopata sifa kwa uzembe wa mtandao, ni ile. Nilianza hata kukaa kifundi, mguu juu ya mguu.

Shangazi akauliza la tatu, tupokee mzigo wao? Nikabofya. Kimya cha adabu kikaanza. Na hapo baba mkubwa akainuka.

"Ngojeni," akasema. "Hii ni redio. Redio hujibu ilichoandaliwa. Mimi nina swali langu, halijaandikwa na mtu." Akaja mpaka mbele ya meza, akasimama akiitazama ile picha. Sauti ilimbadilika kidogo. "Mwanangu. Ukienda huko Muheza, sisi huku unatusahau?"

"Ndiyo," Tumaini akasema kwa adabu zote. "Pokeeni mzigo wao."

Kuna aliyecheka akajiziba mdomo. Baba mkubwa hakucheka. Aligeuka, akachukua fimbo yake pembeni ya kochi, akawaambia wageni wasimame. "Mmesikia wenyewe. Nilisema nitaisikia sauti yake, na nimesikia redio. Posa irudi." Mama yake Tumaini alijifunika uso kwa kanga. Joeli alisimama, akakaa, akasimama tena. Nami nilikuwa nabofya "simama" kama mwendawazimu, maana jibu lilikuwa limekwisha lakini plagini haikusimama. Skripti iliagiza, plagini haikuitika. Faili ikaendelea kutembea.

Tulisikia kiti kikivutwa. Tulisikia Tumaini akishusha pumzi. Msichana huyu alimaliza majibu yake matatu akadhani amezima, na hakuwa amezima. Mimi nami sikuwahi kuisikiliza ile faili mpaka mwisho, kwa kuwa kila dakika ya laini ilimuuma Bwana Shedraki moyoni. Alikuwa anaongea na mwenzake mmoja Mtanzania aliyekuwa naye chumbani.

"Nimemaliza. Lakini najua baba mkubwa hatakubali."

Yule mwenzake akauliza kitu, hatukukisikia.

"Hapana, si mbaya," Tumaini akasema. "Usimseme hivyo. Yule ananipenda ndiyo maana anakataa. Baba alipokufa nilikuwa siwezi kulala, alikuwa anakuja kukaa mlangoni mpaka nisinzie, halafu asubuhi anajifanya amepita tu kuangalia ng'ombe. Anafikiri sijui." Sauti ikakatika, akapenga kamasi. "Joeli nampenda. Lakini baba mkubwa asiposimama na mimi kanisani, mimi siingii. Nitakaa hivi hivi. Nani atanishika mkono?"

Kisha akasema, "Ala! Kumbe bado inarekodi," na faili ikaisha.

Mzee alikuwa amesimama akiupa mgongo umati, fimbo mkononi. Nilimwona mimi peke yangu usoni kwa kuwa nilikuwa kona ile, na nilijifanya natafuta waya chini ya meza. Mambo mengine fundi hatakiwi kuyaona. Nililia huko chini, tena bila aibu.

Alipogeuka, fimbo ilirudi pembeni ya kochi. Akamwambia shangazi, "Mbona wageni hawana chai?" Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake yote. Mzigo ukapokelewa.

Bwana Shedraki alifurahi kupita kiasi. Kesho yake aliniambia kwamba kwa wateja watakaofuata niiweke na ile sehemu ya mwisho, ya kulia, inapendeza. Nilimweleza kwamba ile ilikuwa hitilafu, daraja kati ya skripti na plagini lilikatika, agizo la kusimama halikufika. Akasema basi ikatike kila mara. Hakuna mteja mwingine aliyekuja, na tangazo mlangoni lilibaki mpaka jua likalifuta. Mimi niliirekebisha ile skripti, nikaweka masharti yote kwenye lebo zote mbili, na baada ya hapo haikuwahi tena kuropoka wala kupitiliza.

Ninyi leo kivinjari chenyewe kinacheza kila kitu, plagini zimezikwa zote, na sikwenda mazishi. Lakini bado mtakutana na vitu viwili visivyosikilizana vilivyowekwa kwenye ukurasa mmoja, na mtalipwa kuvisikilizanisha. Ulizeni kwanza kama kiko tayari. Futeni kumbukumbu ya mashine kabla ya kujisifu. Na faili ya mtu isikilizeni mpaka mwisho, kwa sababu mtu huwa bado anaendelea kusema.

Siku chache baada ya posa, baba mkubwa alipanda ngazi za kituo chetu peke yake. Nikamwamkia, akaitikia, akabaki amesimama mlangoni akizitazama zile mashine kwa mashaka.

"Yule mtoto," akasema, "ameambiwa nimekubali. Kaambiwa na nani?"

"Na mama yake, mzee. Na mimi nimemwandikia."

"Barua si mdomo," akasema.

Nikamvutia kiti, nikamwekea maikrofoni, nikamwonyesha taa itakayowaka. Fundi Athumani akawatoa wateja wote nje, hata waliokuwa wamelipia. Mzee akaivua kofia yake ya kaki akaiweka magotini. Sikumharakisha, nilingoja aitike mwenyewe. Kisha akasogea karibu kabisa na ile maikrofoni.

"Tumaini," akasema. "Nitakushika mkono."